Kiigizi cha Mashine kama Chombo cha Uhakiki wa Chanzo: Taswira ya Linux Pachikwa na Swali la Tarehe katika Historia ya Karibuni ya Rungwe

Ikisiri

Insha hii inajadili nafasi ya kiigizi cha mashine katika kazi ya mwanahistoria. Kiigizi ni programu inayoiwezesha kompyuta moja kutenda kama kompyuta ya aina nyingine. Chanzo kinachochunguzwa ni taswira ya mfumo wa Linux, yaani nakala kamili ya kadi ya kumbukumbu, iliyotolewa katika kisanduku cha maktaba ya kidijitali kilichotumika katika shule moja ya sekondari wilayani Rungwe. Hoja kuu ni kwamba tarehe zilizoandikwa na kifaa cha namna hii haziwezi kuchukuliwa kuwa tarehe za kalenda mpaka kifaa chenyewe kiendeshwe na tabia ya saa yake ionekane. Aidha, insha inaonesha kwamba kiigizi nacho kinaweza kuupotosha ushahidi iwapo mtafiti hatakihakiki kama anavyohakiki chanzo.

1.0 Utangulizi

Mtafiti yeyote wa historia ya Rungwe hujifunza mapema kutoziamini tarehe na majina kwa mtazamo wa kwanza. Waraka wa Kijerumani wenye neno Langenburg unaweza kuwa umeandikwa katika boma la awali, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, au katika boma jipya la milimani lililoitwa Neu Langenburg, ambalo leo ni Tukuyu. Masimulizi ya wazee nayo huyapanga mambo kwa matukio: kabla ya ubusoka fulani, baada ya mkuu fulani kufa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey Wilson katika miaka ya 1930, alieleza kwa kirefu jinsi marika na sherehe hiyo ya kukabidhiana madaraka zilivyokuwa nguzo ya mpangilio wa jamii. Mwanahistoria anayetaka kuyaweka masimulizi hayo katika miaka ya kalenda hana budi kuuliza kwanza: msemaji huyu anahesabu muda kwa kipimo gani?

Swali hilohilo halijaulizwa vya kutosha kuhusu vyanzo vilivyozalishwa na mashine. Kwa kuwa mashine huandika saa, dakika na sekunde, msomaji huziona tarehe zake kuwa za hakika kuliko kumbukumbu ya binadamu. Insha hii inapinga dhana hiyo kwa kutumia kisa kimoja kidogo. Ni kisa cha kisanduku kimoja na kadi moja, lakini ndani yake mna sifa ya walimu waliotuhumiwa uzembe kwa ushahidi ambao haukusomwa ipasavyo.

2.0 Kiigizi na Kumbukumbu: Usuli wa Kihistoria

Uigizaji wa mashine ulianzia katika hofu ya kupoteza kazi iliyokwisha kufanyika. Kampuni ya IBM ilipotangaza familia ya kompyuta za System/360 mnamo Aprili 1964, wateja wake wengi walikuwa na programu zilizoandikwa kwa ajili ya mashine ya 1401. Ili wateja hao wasianze upya, baadhi ya mashine mpya zilipewa uwezo wa kuiigiza ile ya zamani. Mwaka 1975 Paul Allen alifanya kinyume cha hapo: aliandika kiigizi cha kichakato cha Intel 8080 juu ya kompyuta ya PDP-10 iliyokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, na kwa njia hiyo yeye na Bill Gates wakatunga programu ya kompyuta ya Altair wasiyokuwa nayo mkononi. Kwa hiyo, tangu mwanzo kiigizi kilitumikia haja mbili: kuendesha kilichopitwa na wakati na kuendesha kisichokuwepo.

Mwaka 2003 mwanaprogramu Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, kiigizi huria kinachotafsiri maagizo ya kichakato kigeni kuwa maagizo ya kichakato mwenyeji wakati programu ikiendelea kufanya kazi. Kwa QEMU, kompyuta ya mkononi ya kawaida inaweza kutenda kama bodi ndogo yenye kichakato cha ARM. Kabla ya hapo, mwaka 1995 na tena mwaka 1999, Jeff Rothenberg alikuwa ametetea wazo kwamba hati za kidijitali zihifadhiwe pamoja na programu zake na zisomwe baadaye ndani ya viigizi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: hati ya kidijitali haisomeki kwa macho matupu, bali hufasiriwa na programu, na programu nayo huhitaji mashine.

Tanzania iliingia katika historia hii kwa njia yake. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa sababu hiyo kumbukumbu za kidijitali za wilaya za mbali na Dar es Salaam ni changa. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, mradi wa KILINUX wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Programu hiyo leo ni chanzo cha historia ya istilahi za Kiswahili. Mtafiti anayetaka kuona maneno yake mahali pale yalipoonekana na watumiaji hana budi kuiendesha katika mfumo wa zama zake, na njia nyepesi ya kufanya hivyo ni mashine pepe.

Kutoka katika kompyuta ya mezani hadi katika kifaa kilichopachikwa kuna hatua moja. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, imeenea zaidi mahali isipoonekana: ndani ya ruta, king'amuzi, mita na visanduku vya shule. Mwaka 2012 ilipoanza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ya bei nafuu yenye ukubwa wa kadi ya benki, ilikuwa rahisi kuweka vitabu na masomo katika kadi moja na kuvisambaza darasani kwa mtandao usiotumia waya, bila intaneti. Ili kushusha gharama, watengenezaji waliacha vitu kadhaa ambavyo kompyuta ya kawaida huwa navyo. Kimojawapo ni saa yenye betri.

3.0 Chanzo na Jinsi Kilivyoshughulikiwa

Kisanduku kinachozungumziwa hapa kiliandaliwa Dar es Salaam na kuunganishwa na intaneti kwa mara ya mwisho tarehe 20 Januari 2015. Baadaye kilipelekwa katika shule ya kutwa isiyo na intaneti, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Mwanzoni mwa 2018, katika msimu wa mvua na radi ambao wenyeji wa Tukuyu wanaufahamu vizuri, bodi yake iliungua. Kadi ya kumbukumbu ilisalimika, nayo ikakaa katika droo ya mwalimu hadi alipomkabidhi mtafiti. Jina la shule halitajwi kwa sababu za kimaadili, na anwani za vifaa vya wanafunzi zilifutwa katika nakala za kazi.

Kabla ya kufungua chochote, kadi nzima ilinakiliwa biti kwa biti na alama ya uhakiki ya SHA-256 ya nakala hiyo ikaandikwa katika daftari. Hatua hii ni ya lazima. Mfumo wa faili wa aina ya ext4 uliozimwa ghafla hujirekebisha mara tu unapofunguliwa kwa njia ya kawaida, hata kama msomaji hakukusudia kuandika neno lolote. Kwa maneno mengine, kuisoma kadi bila tahadhari ni kuibadilisha. Nakala ya asili iliwekwa kuwa msingi usioguswa, na juu yake likatengenezwa faili la tabaka, katika mpangilio wa qcow2, ambalo hupokea mabadiliko yote. Kila jaribio lilianza na tabaka jipya.

Kuiendesha taswira hiyo kulidai maamuzi matatu yanayostahili kuwekwa wazi. Kwanza, kerneli iliyokuwa ndani ya kadi ilijengwa kwa ajili ya chipu ya Raspberry Pi ya awali, ilhali QEMU iliyotumika iliigiza bodi ya Versatile ya ARM. Hivyo kerneli nyingine inayoifahamu bodi hiyo ilitolewa nje ya taswira. Pili, bodi hiyo inayoigizwa haipokei zaidi ya megabaiti 256 za kumbukumbu. Tatu, mstari mmoja katika faili ya ld.so.preload, unaoita maktaba iliyoandikwa mahususi kwa chipu ya asili, ulizimwa katika tabaka la kazi. Mengine yote, yaani toleo la Debian la Wheezy, seva ya kurasa ya Apache, ratiba za kazi na kumbukumbu zake, yalibaki kama yalivyokutwa.

4.0 Saa ya Kifaa na Kalenda ya Shule

Taarifa moja fupi ya tathmini, iliyoandikwa baada ya kisanduku kuharibika, ilitoa hitimisho mbili. Ilisema kwamba kisanduku kilitumika kwa wiki saba tu, kuanzia Januari hadi Machi 2015, kisha kikatelekezwa. Iliongeza kwamba katika wiki hizo kiliachwa kikiwaka usiku na mchana bila usimamizi, kwa kuwa kurasa zilifunguliwa hata saa nane za usiku. Walimu walipinga. Walisema walikitumia kwa miaka mitatu ya masomo, alasiri tu, katika chumba kilichofunguliwa kwa muda usiozidi saa tatu. Neno la mashine likashinda neno la walimu.

Kumbukumbu za Apache zinaelekea kweli kuiunga mkono taarifa hiyo. Tarehe yake ya mwisho iko katika wiki ya pili ya Machi 2015. Hata hivyo, zinaposomwa kwa makini zina mambo mawili yasiyoelezeka. La kwanza ni idadi ya miwasho. Kila seva inapoanza huandika mstari mmoja katika kumbukumbu ya makosa, na mistari ya namna hiyo ni mamia. Kifaa kinachowaka mfululizo usiku na mchana hakiwashwi mara mamia katika wiki saba. La pili ni dakika ya kuwashwa. Miwasho iliyo mingi sana imeandikwa katika dakika ya 17 au ya 18 ya saa husika. Hakuna mwalimu anayefungua chumba kila siku dakika ya 17.

Hapo ndipo kiigizi kilipohitajika. Katika jaribio la kwanza mashine pepe iliwashwa, ikazimwa ghafla baada ya dakika hamsini, ikawashwa tena. Saa yake ilikuwa sahihi kabisa. Kama jaribio lingeishia hapo, taarifa ya tathmini ingeonekana kuthibitishwa. Lakini kosa lilikuwa la kiigizi. Bodi ya Versatile inayoigizwa na QEMU ina saa ya kuhifadhi muda, na saa hiyo huchukua wakati kutoka kompyuta mwenyeji. Mtafiti alikuwa amekipa kisanduku kitu ambacho hakikuwa nacho maishani mwake.

Katika jaribio la pili QEMU iliagizwa ianzishe saa hiyo kutoka tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo sifuri ya kalenda ya mifumo ya jamii ya Unix. Hali hii inakaribiana na ya Raspberry Pi isiyo na betri. Matokeo yalikuwa tofauti. Ndani ya taswira mna programu ndogo iitwayo fake-hwclock, ambayo huandika wakati wa sasa katika faili, na kifaa kinapowashwa huurudisha wakati huo ikiwa saa iliyopo iko nyuma yake. Programu hiyo huandika kifaa kinapozimwa kwa utaratibu na pia mara moja kila saa. Katika Debian ya toleo hilo, kazi za kila saa hufanyika dakika ya 17. Mashine pepe ilipokatwa ghafla na kuwashwa tena, iliamka katika dakika ya 17 iliyotangulia, kana kwamba hakuna muda uliopita. Ilipoachwa imezimwa siku nzima, iliamka vilevile.

Maana yake ni kwamba kisanduku hiki kilihesabu muda wa kuwa macho tu. Usiku, Jumamosi, likizo na siku za kukatika kwa umeme hazikuwepo katika kalenda yake. Zaidi ya hayo, walimu walikiri kwamba walifunga chumba kwa kushusha swichi kuu ya umeme, jambo la kawaida na la busara katika mahali penye radi. Kila kufunga kulikuwa kukata ghafla, na muda uliopita tangu dakika ya 17 ya mwisho ulipotea.

Hesabu ya mfano inaonesha ukubwa wa jambo hili. Tuchukue mwaka wa shule wenye takribani siku 190, na kipindi kimoja kwa siku chenye saa mbili na dakika hamsini. Kwa kuwa kifaa huanza dakika ya 17 na hutunza saa kamili tu, kila kipindi kinaisogeza kalenda yake kwa saa mbili. Siku 190 zinakuwa saa 380, yaani chini ya siku 16. Miaka mitatu inakuwa saa 1,140, sawa na siku 47 na nusu. Kutoka tarehe 20 Januari 2015, siku 47 na nusu zinatufikisha tarehe 8 au 9 Machi 2015. Wiki saba za mashine zinatosha kubeba miaka mitatu ya walimu.

Mfano huohuo unaeleza kurasa za saa nane za usiku. Kalenda ya kifaa ilipokuwa ikisonga saa mbili kila alasiri, ilipitia usiku na mchana wake yenyewe katika vipindi kumi na viwili vya shule. Usiku ule ulikuwa wa kisanduku, haukuwa wa Rungwe. Ikumbukwe pia kwamba hata kabla ya kusafirishwa, saa yake ilifuata majira ya dunia ya UTC, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Mstari wenye 11:00 ulioandikwa wakati wa maandalizi ni 14:00 ya Tanzania, nayo kwa msemaji wa Kiswahili ni saa nane mchana. Msomaji anayeipitia kumbukumbu hii anabeba saa tatu kwa pamoja, na hakuna hata moja inayojieleza.

5.0 Mipaka ya Ushahidi

Haitoshi kuiangusha taarifa ya tathmini. Ni lazima pia kuonesha ni kipi kinachoweza kusemwa badala yake. Jaribio la kiigizi linathibitisha jinsi kifaa kilivyoweza kuenenda. Halithibitishi peke yake kwamba kilitumika miaka mitatu. Idadi ya miwasho ni kipimo bora kuliko tarehe, lakini nayo si idadi ya siku: umeme unaokatika na kurudi mara tatu katika alasiri moja huandika miwasho zaidi ya mmoja. Mwasho ambao haukudumu hata saa moja haukuisogeza kalenda kabisa.

Kwa sababu hiyo miwasho ililinganishwa na chanzo kingine ambacho hakikuwa na uhusiano na umeme, yaani shajara za masomo. Walimu wawili walikuwa wameandika kwa kalamu, tarehe kwa tarehe, vipindi walivyofundisha kwa kutumia kisanduku, na maandishi hayo yanaendelea hadi mwaka 2017. Mada zilizotajwa katika shajara zinafuatana kwa mpangilio uleule wa kurasa zilizofunguliwa katika kumbukumbu za Apache. Mpangilio wa matukio katika kisanduku ni wa kuaminika hata pale ambapo tarehe zake si za kuaminika. Jambo hili halitamshangaza mtafiti wa masimulizi ya wazee: mzee anaweza kukosea mwaka wa ubusoka, asikosee ni mkuu yupi alimfuata yupi.

Bahati nayo ilikuwa na sehemu yake. Kumbukumbu ya jumla ya mfumo katika toleo hili huhifadhi takribani wiki moja tu ya kalenda ya kifaa, na yote ya nyuma ilikwisha kufutwa. Kumbukumbu za Apache, kwa mpangilio wa Debian wa wakati huo, hugeuzwa kila wiki na kuhifadhiwa hadi mafaili 52. Kilichobaki kilibaki kwa uamuzi wa mtu aliyekuwa mbali, ambaye hakuwa na wazo la historia ya Rungwe. Vilevile, kazi hii iliwezekana kwa sababu Linux, Debian, Apache na QEMU ni programu huria. Leseni zake zinaruhusu kunakili, kuchunguza na kuendesha bila kuomba kibali. Mita au mashine ya stakabadhi yenye programu iliyofungwa isingemruhusu mtafiti kufika hata hatua ya kwanza.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba taswira ya mfumo pachikwa ni waraka wa aina ya pekee: maneno yake yanaweza kusomwa ukiwa umelala, lakini namna yake ya kuhesabu muda huonekana unapoamshwa tu. Kiigizi ndicho kinachouamsha. Hata hivyo, kiigizi si dirisha tupu. Katika jaribio la kwanza kiliongeza saa isiyokuwepo na kulificha jibu. Kilitoa msaada baada ya mtafiti kuuliza ni kipi katika mashine hii pepe hakikuwa cha kisanduku cha asili. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila utafiti unaotumia njia hii utaje bodi iliyoigizwa, kerneli iliyotumika, mahali saa ilipoanzia na kila badiliko lililofanywa katika tabaka la kazi, kama vile mtafiti wa nyaraka anavyotaja jalada na ukurasa.

Inapendekezwa pia kwamba vifaa vya aina hii vinapoharibika katika shule, zahanati na ofisi za kata, kadi zake zisitupwe wala kufutwa ili zitumike tena kabla ya kunakiliwa. Gharama ya nakala ni ndogo. Nakala hiyo iwekwe pamoja na shajara na madaftari ya wakati huo, kwa kuwa kimoja bila kingine hakitoshi.

Nakala ya matokeo haya ilikabidhiwa shuleni pamoja na kadi. Mwalimu aliyeitunza aliuliza swali moja: kama angekuwa ameitupa, nani angemwamini? Kwa ushahidi uliokuwapo wakati ule, jibu ni kwamba hakuna. Wajibu wa mwanahistoria wa zama hizi unaanzia hapo.